Ngumi ya Nani

Mheluka alirudi kutoka kliniki na karatasi moja mkononi
na nyingine usoni, imekunjwa vibaya.
Sukari kumi na nne na nukta zake.
Nikakoroga unga na maji, nikapata gundi,
nikaibandika jikoni juu ya kinu,
ndipo nikasoma mstari wa kwanza: punguza ugali.

Habari ilizunguka Chang'ombe kabla jua halijazama.
Yeledi alileta bamia zilizolala kwenye glasi,
maji yanavutika kama kamasi:
anywe kabla hajasema na mtu.
Shemeji wa Kongwa akapiga simu: nyama tu, nafaka asiguse.
Yeye ana ng'ombe, hana shamba.
Mwanetu akatuma shayiri kwa basi,
pakiti ina picha ya mlima wenye theluji.
Mke wa mwinjilisti ana unga wa kijani, kopo elfu arobaini,
unatibu sukari, presha na ndoa.
Na usiku, kwenye simu, mtu nisiyemjua
anaapa kwa asali,
na mwenzake anaapa kuwa asali ni sumu.

Wiki ile mume wangu alikonda kwa kuchanganyikiwa.
Alikaa mbele ya sahani kama aliye mbele ya hakimu.

Mimi ni mtu wa ungo. Mama yangu, kule Mvumi, alinifundisha:
jua upepo unatoka wapi,
rusha, pokea, sikiliza.
Punje hurudi na sauti yake. Makapi hayaagi.
Basi nikayarusha maneno yao.
Kopo lilipeperuka na elfu arobaini zake.
Bamia nilizirudisha chunguni, ndiko kwao.
La nyama nikamwachia mwenye ng'ombe.
Yaliyobaki sikuyajua uzito,
nikayafunga kwenye pindo la khanga, tukaenda nayo kliniki.

Muuguzi Nyemo, binti mdogo, wino umemchafua kiganja,
hakuuliza tumeambiwa nini.
Aliuliza: jana mlikula nini?

Hakuna aliyekuwa ameuliza hilo.

Ugali wa uwele, nikasema. Mlenda. Chai.
Chai vijiko vingapi?
Mheluka akatazama dirisha.
Vinne, nikasema. Vikombe vitatu, siku ya baridi vinne.
Kalamu ikasimama.
Siku zote hizo tumemshtaki ugali peke yake,
na mwenzake katulia kikombeni, anafuka mvuke.

Nikajitetea kwa kiburi cha kwetu:
lakini uwele ni chakula cha babu zetu!
"Ni mzuri, mama. Nao ni wanga.
Babu alishika jembe tangu alfajiri. Mzee siku hizi anashika redio."
Mlenda? Ajaze, nusu ya sahani.
Zabibu za shamba letu la Mpunguzi?
"Punje. Si kishada."
Dawa asiache hata akijisikia mzima.
Na ugali uwe wa ngumi moja.

Mheluka, aliyeponda kokoto Ntyuka miaka thelathini,
akainua mkono, akaukunja.
Tukautazama wote watatu.
Ulikuwa kama kichwa cha mtoto.
"Ngumi ya nani?" akauliza, kwa heshima zote.
Binti akacheka hadi akashika meza.
"Ya mama."

Sasa jioni, sufuria ikishuka,
naweka mkono wangu uliokunjwa kando ya sahani yake,
naye anaweka wake kando ya wangu,
anapima, analalamika kwa Kigogo, anakata rufaa.
Mlenda simpimii.
Masika nachuma mbichi, kiangazi natoa mkavu guniani,
karanga kidogo, chumvi kwa ncha za vidole.
Mara nyingine namkuta anakoroga chai isiyo na kitu,
kijiko kinagonga kikombe, kwa mazoea tu.

Karatasi bado iko ukutani.
Jana usiku panya amekula pembe zake zote nne,
pale penye unga,
akayaacha maneno.
Yeye bado hajapimwa.